Kaza, Usilegeze: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Funguo za SSH na Bakapu za Usiku

Bakapu ya usiku inayopita kwa SSH ni mpangilio mdogo. Kuna seva ya kazi, kuna seva ya kuhifadhi, rsync inabeba mafaili kati yao, na jozi ya funguo inawezesha mashine moja kuingia kwenye nyingine bila mtu kuketi kwenye kibodi saa nane za usiku. Ufunguo wa siri unabaki kwenye mashine inayoingia. Ufunguo wa umma unaandikwa kwenye faili la authorized_keys la mashine inayopokea.

Siku mpangilio huo ukigoma, ushauri huwa hauchelewi, na karibu wote unaelekea upande mmoja: toa ruhusa zaidi, zima ukaguzi, tumia root. Ushauri huo umesahau asili ya SSH. Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 akiwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mdukuzi kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo. Programu iliyozaliwa kwa sababu ya wizi ikikataa kufungua, mara nyingi imeona kitu kimelegea mahali fulani. Kulegeza zaidi hakuwezi kuwa dawa. Tuyapitie madai hayo moja baada ya jingine.

Dai la 1: «Ufunguo ukikataliwa, toa ruhusa zote kwa chmod 777»

Wanaosema hivi wamepatia jambo moja: mara nyingi tatizo kweli huwa ni ruhusa za mafaili. Wamekosea upande. Sshd, programu inayopokea wageni kwenye seva, ina kipengele kiitwacho StrictModes, nacho huwa kimewashwa hata kama hujakigusa. Kabla ya kuuamini ufunguo wowote, hukagua faili la authorized_keys, folda ya .ssh na folda ya nyumbani ya mtumiaji. Vyote viwe mali ya mtumiaji mwenyewe au ya root, na asiwepo mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kuandika humo. Sababu yake haina fumbo. Anayeweza kuandika kwenye authorized_keys anaweza kuongeza ufunguo wake na kuingia kwa jina lako, na anayeweza kuandika kwenye folda iliyo juu yake anaweza kulisogeza faili hilo kando.

Mfano mmoja hujirudia sana. Akaunti ya bakapu imepewa /var/www kuwa folda yake ya nyumbani, na folda hiyo ina ruhusa 775 ili kikundi cha watengeneza tovuti kiweze kuandika. Ufunguo ni mzima na authorized_keys ina 600 safi, lakini kila usiku jibu ni kukataliwa. Mashine inayoingia inaambiwa tu «Permission denied (publickey)», jibu lisilosema kitu. Ukienda upande wa seva, logi imeandika waziwazi:

Authentication refused: bad ownership or modes for directory /var/www

Yaani umiliki au ruhusa za folda hiyo hazikubaliki. Dawa ni kuipa akaunti ya bakapu folda ya nyumbani iliyo yake peke yake, yenye ruhusa 755 au pungufu, .ssh iwe 700 na authorized_keys iwe 600. Kwa authorized_keys hata 644 inapita, kwa kuwa kinachokatazwa ni wengine kuandika, si kusoma. Ufunguo wa siri ndio wenye sharti kali zaidi: wengine wakiweza hata kuusoma tu, programu ya ssh inautupa kando na kulalamika.

Ndiyo maana 777 huongeza ugonjwa. Sshd inakataa kwa sababu folda iko wazi, halafu fundi anaiacha wazi zaidi. Na akiitupa amri hiyo kwenye /etc/ssh, funguo za utambulisho za seva yenyewe zitakataliwa, na sshd ikianzishwa upya haitawaka. Aliyekuwa na tatizo la bakapu sasa hana hata njia ya kuingia kwenye seva.

Kwenye Red Hat Enterprise Linux na jamaa zake, jambo jingine linaweza kuonekana kama ruhusa na kumbe si ruhusa: lebo za SELinux. Folda ikihamishwa kwa mv, au akaunti ikiwa na nyumba yake nje ya /home, lebo zinaweza kuwa zisizofaa ingawa ls -l inaonyesha kila kitu sawa. Tazama kwa ls -Z, kisha urekebishe kwa restorecon. Hapo tena utasikia wito wa kuzima SELinux nzima, na jibu ni lile lile.

Dai la 2: «Ufunguo umeharibika, tengeneza mwingine»

Ufunguo ni faili. Hauchakai. Kabla ya kutengeneza mwingine, endesha ssh -v na utafute mambo mawili katika maneno mengi itakayoyamwaga. La kwanza: je, mashine yako imeutoa ufunguo, yaani kuna mstari unaoanza na «Offering public key» wenye njia ya faili ulilokusudia? Kama haupo, tatizo liko kwako. Ssh haioni ufunguo huo au imekataa kuusoma. La pili: je, seva imejibu «Server accepts key»? Kama ufunguo umetolewa na haukukubaliwa, acha kuhangaika na mashine yako, nenda kasome logi ya seva. Kama umekubaliwa na bado kuingia kumeshindikana, kagua ufunguo wa siri wenyewe: labda una nywila inayoulinda na hakuna wa kuiandika.

Logi ya seva iko /var/log/auth.log kwenye Debian na Ubuntu za siku nyingi, na /var/log/secure kwenye jamii ya Red Hat. Debian 12 haisakinishi rsyslog yenyewe, kwa hiyo usipoliona faili hilo, tumia journalctl -u ssh. Maneno yakiwa machache mno, kuna njia isiyogusa huduma inayoendelea: washa sshd ya pili kwa mkono, /usr/sbin/sshd -d -p 2222, kisha ujaribu kuingia kupitia mlango huo. Itapokea mgeni mmoja tu na kusimulia kila hatua ya kumkagua.

Humo ndimo mambo ya kweli hujitokeza. Utakuta ufunguo wa umma ulibandikwa kwenye kihariri na mstari wake mmoja ukakatika kuwa miwili. Utakuta AuthorizedKeysFile inaelekeza mahali pengine kuliko ulivyodhani. Sshd -T itakuonyesha mipangilio inayotumika hasa, ambayo si lazima iwe ile unayoisoma kwenye sshd_config. Utakuta pia wakala wa funguo (ssh-agent) kwenye mashine yako amebeba funguo nyingi na kuzitoa zote kwa zamu hadi seva ikachoka, kwa sababu MaxAuthTries kwa kawaida ni 6. Hilo linatibiwa kwa IdentitiesOnly yes, pamoja na kutaja ufunguo mmoja kwa jina.

Kuna hali ambayo ufunguo mpya huharibu zaidi. Toleo la OpenSSH 8.8 la mwaka 2021 liliacha kukubali sahihi za RSA zinazotumia SHA-1. Seva ya zamani kama CentOS 6, yenye OpenSSH 5.3, haijui sahihi nyingine za RSA, kwa hiyo mashine mpya ikijaribu kuingia huko hupata kwanza «no matching host key type found», na ikivushwa hapo, «no mutual signature algorithm». Fundi anatengeneza ufunguo mpya. Tangu toleo la 9.5 ssh-keygen hutoa Ed25519 usipoiambia vingine, na OpenSSH ilianza kuielewa aina hiyo kwenye 6.5, mwaka 2014. Seva ile ya kale haitaujua kabisa. Kinachosaidia ni kuirudishia ssh-rsa ruhusa kwa seva hiyo moja tu, kwa HostKeyAlgorithms na PubkeyAcceptedAlgorithms ndani ya fungu lake la Host, huku mkipanga siku ya kuistaafisha.

Dai la 3: «Nimejaribu kwa mkono ikakubali, basi usiku itakubali»

Uliyejaribu ni wewe. Usiku anaingia cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Wewe una wakala wa funguo aliyefunguliwa ulipoingia asubuhi, una known_hosts iliyokwisha kuitambua seva ya pili, una PATH ndefu. Cron haina wakala huyo wala PATH hiyo. Mara nyingi hata jina si lako: kazi imeandikwa kwenye crontab ya root, na root hutafuta funguo na known_hosts ndani ya /root/.ssh. Wengine hudhani kubadilisha HOME kwenye crontab kutatosha. Hakutoshi, kwa sababu ssh huchukua folda ya nyumbani kutoka orodha ya watumiaji ya mfumo, haiangalii HOME.

Jaribio lenye maana ni lile linalofanana na usiku:

sudo -u bakapu env -i /usr/bin/ssh -o BatchMode=yes -o IdentitiesOnly=yes -i /home/bakapu/.ssh/id_ed25519 hifadhi@10.0.0.9 /bin/true

Hapo env -i imefuta mazingira yote, na wakala wako hayumo. BatchMode inaikataza ssh kuuliza chochote, hivyo itafanikiwa au itashindwa papo hapo badala ya kuganda ikisubiri nywila ya mtu aliyelala. Amri hii ikipita kimya, umekaribia. Ikisema «Host key verification failed», mtumiaji huyo hajawahi kuitambua seva ya pili, hata kama wewe umeingia huko kila siku.

Makosa mengine matatu hujificha hapa, na yote hulaumiwa ufunguo. La kwanza, alama ya % ndani ya crontab huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari, kwa hiyo jina la bakapu lenye date +%F hukatwa katikati. Andika \%F, au weka kazi yote ndani ya skripti. La pili, huduma ya systemd yenye ProtectHome=yes haioni /home wala /root, na ufunguo ulio humo ni kama haupo. La tatu, .bashrc ya seva inayopokea ikiwa na echo ya salamu, maneno hayo huingia katikati ya mazungumzo ya rsync, nayo hulalamika kuhusu toleo la itifaki na kuuliza kama gamba lako (shell) ni safi. Endesha ssh hifadhi@10.0.0.9 /bin/true > jaribio.dat. Faili hilo likiwa na hata baiti moja, umempata mhalifu.

Dai la 4: «StrictHostKeyChecking=no haina neno, sote tuko mtandao mmoja»

Ni kweli kwamba onyo la utambulisho wa seva kubadilika mara nyingi huwa na sababu ya kawaida: seva imesakinishwa upya, au anwani yake imepewa mashine nyingine. Ni kweli pia kwamba ukitumia ufunguo, seva ya bandia haiwezi kuuiba, kwa kuwa ufunguo wa siri hausafiri; kinachotumwa ni sahihi ya kikao hicho peke yake.

Lakini kwenye bakapu mali si ufunguo. Mali ni data. Seva ya bandia inaweza kuukubali ufunguo wowote utakaopewa, ikasema karibu, na rsync yako ikaimiminia hifadhidata nzima ya wateja bila kuripoti kosa lolote. Bakapu itaonekana imefanikiwa. Ukaguzi ulioambiwa «no» ndio uliokuwa umesimama mlangoni.

Njia ya kuondoa usumbufu bila kuondoa ukaguzi ipo. Kwenye seva ya kuhifadhi, ukiwa umeketi mbele yake au kupitia konsoli, soma alama ya utambulisho wake kwa ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub. Ilinganishe na ile unayoiona ukiwa upande wa pili, kisha uuweke ufunguo huo kwenye /etc/ssh/ssh_known_hosts, faili linalosomwa kwa ajili ya watumiaji wote wa mashine, root na akaunti ya bakapu wakiwamo. Huwezi kufika kwenye konsoli? Basi angalau tumia accept-new, iliyopo tangu OpenSSH 7.6. Inakubali seva isiyojulikana mara ya kwanza, lakini inakataa iliyobadilika.

Dai la 5: «Ufunguo usio na nywila ni hatari, afadhali nywila ndani ya skripti»

Hili lina uzito kuliko mengine. Ufunguo wa bakapu kwa kawaida hauna nywila ya kuulinda, kwa kuwa hakuna wa kuiandika usiku. Anayeuiba anaweza kuutumia saa hiyo hiyo. Hofu hiyo ni ya haki.

Tiba inayopendekezwa ndiyo isiyofaa. Nywila iliyoandikwa kwenye skripti ni siri iliyo wazi kama ufunguo ulivyo, na ikipitishwa kwa sshpass -p inaweza kuonekana na mtumiaji mwingine anayetazama orodha ya michakato. Zaidi ya hayo, nywila haina mipaka: aliye nayo ana akaunti nzima. Ufunguo unaweza kuwekewa mipaka ndani ya mstari ule ule unaouruhusu. Huu ni mstari mmoja wa authorized_keys kwenye seva ya kuhifadhi:

restrict,from="10.0.0.5",command="/usr/bin/rrsync -wo -no-del /srv/bakapu/wavuti" ssh-ed25519 AAAA…

Usome kutoka kushoto. Restrict, iliyoingia OpenSSH 7.2 mwaka 2016, inazima kupitisha milango, kupitisha wakala na kupewa terminali (PTY). From inaukubali ufunguo ukitoka anwani hiyo tu. Command inasema kwamba hata mwenye ufunguo akiomba nini, kitakachoendeshwa ni rrsync peke yake, skripti inayokuja na rsync. Nayo inamfungia ndani ya folda moja, kwa kuandika tu, bila ruhusa ya kuagiza rsync ifute. Mwizi wa ufunguo huu hawezi kusoma bakapu za zamani wala kuzurura kwenye seva. Anaweza bado kuandika juu ya mafaili yaliyopo, kwa hiyo seva ya kuhifadhi ijichukulie picha zake (snapshot) za kila siku kwa akaunti nyingine ambayo ufunguo huu hauigusi. Wanaotumia Borg 1 wana borg serve yenye --append-only na --restrict-to-path kwa kazi kama hiyo.

Kosa hujitokeza hapa pia, na linachanganya: ukiweka command=, jaribio la /bin/true la dai la 3 litakataliwa, kwa kuwa rrsync haiendeshi kitu kingine. Ufunguo hauna kosa; mpaka unafanya kazi yake. Kuanzia hapo jaribu kwa rsync yenyewe.

Dai la 6: «Lazima iwe root, la sivyo mafaili mengine hayasomeki»

Kusoma /etc/shadow au folda za kila mtumiaji kunahitaji root, hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni root wa mashine ipi. Seva ya kazi ikisukuma bakapu yake, root anahitajika hapo nyumbani tu. Kwenye seva ya kuhifadhi inatosha akaunti ya kawaida. Seva ya kuhifadhi ikija kuvuta, basi root anahitajika upande unaovutwa, na OpenSSH ina mpangilio wake: PermitRootLogin forced-commands-only. Mwongozo wa sshd_config unautaja kuwa unafaa kwa bakapu za mbali hata pale root asiporuhusiwa kuingia kwa kawaida. Root ataingia kwa ufunguo wenye command= tu, nao uwe rrsync -ro, ya kusoma peke yake.

Kuandika PermitRootLogin yes ni kurudi nyuma. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2015, usipogusa kitu, root haruhusiwi kuingia kwa nywila. Anayeandika yes ili ufunguo wake ukubaliwe amefungulia nywila pia, na ufunguo wake tayari ulikuwa unaruhusiwa.

Dai la 7: «Hakuna barua ya kosa, basi bakapu ipo»

Mistari mingi ya crontab humalizikia na > /dev/null 2>&1. Ni funika kombe mwanaharamu apite: kosa limetokea, na hakuna atakayelisikia. Hata bila mstari huo, kimya hakithibitishi kitu. Ukiandika pg_dump | ssh, gamba linarudisha matokeo ya amri ya mwisho. Pg_dump ikifa njiani, ssh iliyopokea mabaki na kumaliza vizuri itaripoti mafanikio, isipokuwa umeweka set -o pipefail.

Kisa cha GitLab cha tarehe 31 Januari 2017 kimeelezwa na kampuni yenyewe hadharani. Mhandisi alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipozitafuta bakapu, zile za pg_dump hazikuwapo: programu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa. Barua za makosa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kutotimiza ukaguzi wa uhalali wa mtumaji (DMARC). Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa yapata saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo mlinzi wa bakapu akae upande unaopokea. Akague umri wa faili la mwisho na ukubwa wake, na apige kelele kitu kisipofika, badala ya kungoja seva ya kazi ikiri imeshindwa. Kisha irejesheni bakapu hiyo kwenye mashine tupu kwa ratiba inayojulikana, mkaone kama mfumo unawaka.

Ukishapata bakapu inayopita kila usiku, jiulize: mtu akiiteka seva ya kazi leo na kuushika ufunguo ule, atafanya nini kwenye seva ya kuhifadhi? Mwenye 777, root na nywila ndani ya skripti atajibu kwamba mtu huyo atafuta kila kitu. Aliyekaza atajibu kwamba mtu huyo ataweza kuweka mafaili mabovu kwenye folda moja, na picha ya jana itabaki pale pale. Kama bado huwezi kutoa jibu la pili, tiketi ya bakapu isifungwe, hata kama rsync imemaliza bila kosa.